Sera ya Harufu

Nchi yenyewe haipo. Anayeitafuta kwenye ramani atachoka bure, na anayeiona dirishani kwake afunge pazia anyamaze. Ilikuwa nchi ya joto, joto la kulainisha sabuni kavu ndani ya kisahani chake, na kwa sababu ya joto hilo kitu walichojivunia kuliko bendera kilikuwa barafu. Walikuwa na Shirika la Barafu la Taifa. Jengo lake lilikuwa refu, halina madirisha, jeupe kama jino la kubandika, na ndani mlikuwa na ukumbi mmoja mkubwa wa baridi ambamo samaki wa nchi nzima walilazwa kwenye mapande ya barafu wakisubiri kwenda kuliwa nchi nyingine.

Ukumbi ule ulikuwa na milango miwili. Wa nyuma ulitazama korongo la miiba, na hakuna aliyekuwa na haja nao. Wa mbele, waliouingilia wafanyakazi, ulikuwa wa mbao mbili, ila ubao mmoja haukufunguliwa tangu ulipochorwa picha ya Mkurugenzi Mkuu akitabasamu. Kuufungua ilikuwa ni kumgeuza Mkurugenzi uso utazame ukutani, jambo ambalo nani angethubutu? Kwa hiyo watu mia na ushei walipita nafasi ya mtu mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, na waliopita waliiamkia picha.

Uani, mbele ya mlango huo, palisimamishwa nguzo ya chokaa yenye kengele ya shaba iliyofungwa utepe mwekundu. Kengele ililetwa siku ileile ilipoletwa Sera ya Harufu, kwa sherehe, na mgeni rasmi akaufunga ule utepe kwa mkono wake. Watu wakapiga makofi, wakala pilau, wakatawanyika. Kengele ni ya nini, hakuna aliyejua. Kila Ijumaa ilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka mtu akajiona meno, ila haikuwahi kugongwa, maana hakuna aliyeagizwa kuigonga.

Aliyeisugua ni Bi Siwema. Alikuwa mtu mzima, mjane, goti lake la kushoto limeharibiwa na baridi, na kazi yake ilikuwa kupanga samaki kwenye makasha, kichwa huku mkia kule. Kwa ajili ya goti aliwekwa safu ya mwisho. Binti yake wa pekee, Chiku, alikuwa safu ya kwanza, ya wavunja mapande, vijana wenye mikono ya nguvu na makelele mengi. Safu ya kwanza ndiyo iliyoingia kwanza asubuhi na kutoka mwisho jioni, na kwa hiyo kila mwaka ilipewa fulana.

Nchi hiyo, pamoja na mengine yake yote, ilikuwa na adabu. Mtu mzima akikaa chini akanyoosha miguu, hapiti mtu juu yake. Utazunguka, na kama pa kuzungukia hapapo utasubiri. Bwana Kombo mwenyewe, msimamizi wa ukumbi, mtu aliyewafokea watu mpaka mate yakaganda hewani, siku moja alisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, kwa kuwa bibi mfagiaji alikuwa amekaa kwenye ngazi anajitoa mwiba. Hakumwambia kitu. Alisubiri mwiba utoke.

*

Sera za Shirika hazikubandikwa ukutani, kwa kuwa ukuta ulitoka maji. Hazikugawiwa mikononi, kwa kuwa mikono ilitoka maji pia. Zilisomwa. Kila asubuhi wafanyakazi walijipanga uani kwa safu, wamesimama, na Msomaji wa Sera akapanda kwenye kasha lililopinduliwa akasoma. Na hakuna sera iliyoweza kusomwa bila salamu. Kuitoa sera bila salamu, walisema wakubwa, ni sawa na kumtoa bibi harusi nje bila nguo.

Msomaji aliitwa Machano. Alikuwa na sauti nzuri, tai moja, na heshima kubwa kwa karatasi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu," alianza, "Mlezi wa Baridi, Mshinda Joto, Mwenye Shahada na Nyingine Iliyoko Njiani! Mheshimiwa Mama, mwenzi wa Mkurugenzi Mkuu! Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi wa Barafu ya Mapande! Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi wa Barafu ya Vipande! Waheshimiwa wakurugenzi wastaafu mliopo! Waheshimiwa wakurugenzi wastaafu ambao mngependa kuwepo! Mheshimiwa Mshauri wa Mambo ya Ubaridi! Mheshimiwa shemeji wa Mheshimiwa Mshauri..."

Akaendelea hivyo, jua likipanda, vijasho vikiwatoka watu ndani ya makoti yao ya baridi. Halafu Bwana Kombo akatazama saa, akaweka kidole gumba kwenye kitufe kilichokuwa ukutani, na king'ora kikalia juu ya paa. Machano akakatiza palepale alipofika. Uani pote pakalipuka makofi. Msomaji akashuka, akaingia wa kwanza kwa heshima ya cheo chake, safu ya kwanza nyuma yake, ya pili nyuma yake, wakipiga makofi mpaka ndani. Kombo akainua simu.

"Sera imefika," akasema. "Imepokelewa kwa shangwe."

Huko juu wakaandika kuwa imefika.

"Leo tumeishia wapi?" Siwema alimuuliza mwenzake wa makasha, Tatu Mwinyi.

"Kwa shemeji wa Mshauri."

"Jana si tulifika kwa mkwe wa Naibu?"

"Tumerudi nyuma, shoga. Kumeongezeka wastaafu."

*

Sasa, ndani ya mabomba yaliyozunguka ukumbi ilipita hewa ya kupoza. Wahandisi waliiita amonia. Wanawake wa makasha waliiita Bibi Kali, kwa sababu harufu yake ilikuwa ya mkojo uliolala, na kwa sababu ilipita ghafla kama bibi mwenye fimbo, macho ya kila mtu yakatoka machozi, kisha ikaondoka.

Zamani Bibi Kali alipita mara chache. Mwaka ule alianza kupita mara kwa mara, halafu akaanza kukaa. Watu walikohoa, wakatemea pembeni, wakaendelea. Kisha wakahama paka. Paka wa Shirika walikuwa wengi na wanene, wamezaliwa pale na kunyonya pale, na hakuna paka mwenye akili anayehama ghala la samaki. Asubuhi moja Siwema aliwaona wanatoka kwa mstari, mmoja ana mtoto mdomoni, wanavuka barabara bila kugeuka. Kombo aliwatazama akafurahi. Akapiga simu juu kusema kuwa usafi umeongezeka.

Siwema hakufurahi. Alikuwa na tabia ya kukitazama kitu mpaka kikaisha, na jambo lilimkaa rohoni: ile sera inaitwa ya Harufu. Basi ndani yake, huko mwisho, mna neno juu ya harufu. Akamfuata Kombo penye kitufe chake.

"Bwana Kombo, samahani, baba. Ile sera inasemaje?"

"Ipi?"

"Hii tunayosomewa."

"Inasema vizuri sana."

"Inasema nini?"

Kombo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeombwa kueleza rangi ya maji. "Bi Siwema, imefika au haijafika?"

"Mimi haijanifikia."

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

"Ulimpigia nani makofi kwa kitu kisichokufikia? Usinitie matatani, mama yangu. Mimi nimekwisha sema imefika."

"Wewe mwenyewe unaijua?"

Kombo akatazama huku na huku, akainamisha kichwa. "Mimi nilisomewa makao makuu, tukiwa wasimamizi wote. Kulikuwa na salamu, kisha chai ikaja." Halafu akajikaza. "Na usiende kumwuliza Machano asome ya mbele. Unamkumbuka Haji wa mizani? Aliitangulia sera. Alihamishiwa Idara ya Kuonja Chumvi."

Siwema alimkumbuka Haji. Watu walisema huko kwenye chumvi ni kuzuri, ingawa hakuna aliyepata kurudi kusema.

*

Jumapili akamwalika Machano chai. Hilo halikukatazwa. Akamkarangia vitumbua, akatandika mkeka uani chini ya kamba ya nguo, akamwacha ale hadi kidole kikang'aa mafuta. Chiku alikuwa amekwenda kusukwa.

"Bwana Machano," alisema, "unajua mimi napenda sauti yako."

"Aa, Bi Siwema."

"Sisemi uongo. Inaniuma kukatizwa. Kila siku sauti inapanda, inapanda, king'ora hicho kinaikata. Nisomee leo hapa, yote, tangu salamu ya kwanza. Hakuna king'ora kwangu. Mimi sina haraka."

Machano aliacha kutafuna. Alikuwa na ile karatasi mfukoni, alitembea nayo hata msikitini, na hakuwahi kuruhusu jicho lake literemke chini ya mahali alipokatizwa. Aliziba sehemu ya chini kwa kadi ya krismasi aliyopewa na jirani.

"Bila kuruka?" aliuliza.

"Uruke kwa nini? Kwani mimi sina adabu?"

Akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza. Alimsalimu Mkurugenzi Mkuu, akamsalimu Mama, akawasalimu manaibu na wake za manaibu. Siwema akamenya muhogo wote wa jioni. Kuku wakaja wakasikiliza, wakachoka, wakaenda zao. Machano akawasalimu washauri, mashemeji, wadhamini wa fulana, mtu aliyetoa rangi ya kuchorea mlango. Siwema akapepeta mchele, akautoa vijiwe, akaupepeta tena. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kuna msiba? Akaambiwa hapana, kuna sera. Kivuli cha kamba ya nguo kikatoka ukutani kikafika jikoni.

Kisha Machano akanyamaza. Salamu zilikuwa zimekwisha. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyefika ukingoni asione ng'ambo.

"Endelea, baba," Siwema akasema taratibu.

Akaiondoa ile kadi. Sera ilikuwa fupi kuliko jina lake. Akaisoma, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nzuri:

"Kuanzia leo kazi itaanza kwa kengele. King'ora ni cha harufu tu. Kifaa kilichofungwa kwenye bomba kitakiwasha chenyewe. King'ora kikilia, aliye ndani atoke kwa mlango wa nyuma. Aliye nje asiingie. Anayeingia hatatoka."

Kuku mmoja aliparua mchanga. Machano akashuka kwenye kinu, akakaa mkekani kama mtu aliyevunjwa miguu.

"Tunaingia kwa king'ora," akasema.

"Kila siku."

"Tunapiga makofi."

"Na unaingia wa kwanza wewe, Bwana Machano."

Akafuta paji la uso kwa tai. "Nipe kesho," akasema. "Usimwambie mtu. Iliyosikilizwa mkekani haihesabiki, Bi Siwema, utaambiwa umezua. Kesho nitasoma mbio. Sijawahi kusoma mbio, lakini kesho nitasoma mbio."

*

Jioni ile Siwema hakuweza kunyamaza kwa mwanawe. Alimweleza Chiku yote, neno kwa neno, akimpaka mafuta kwenye mistari ya kichwa.

"Mama, king'ora ni cha kuingilia," Chiku akasema. "Tangu nizaliwe kinalia, watu wanaingia."

"Ndio maana nakwambia."

"Na wote wale hawajui, unajua wewe?"

"Machano anajua."

"Basi atasema mwenyewe." Akapiga miayo. "Usianze maneno kazini, mama. Safu yetu wananitania tayari kwamba mama yangu anasugua kengele mpaka ameanza kusikia inamjibu."

Asubuhi Siwema alisema goti limekamata, hawezi kusimama peke yake. Halikuwa limekamata. Chiku, amenuna, akaiacha safu ya kwanza akaja kumshika mkono huko mwisho. Siwema akaona heri mtoto anune.

Alijaribu kwa Kombo pia, kwenye lango. Kombo alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Uliisikia umesimama au umekaa?"

"Nilikuwa mkekani."

"Basi hujaisikia. Sera husikilizwa kwa miguu."

Machano akapanda kwenye kasha. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaanza mbio kweli, maneno yakigongana kama makasha kwenye mkokoteni, na watu wakatazamana. Mara akafika kwenye jina jipya lililoongezwa alfajiri, Mheshimiwa Mratibu wa Kuharakisha Mawasiliano, na watatu wa ofisi yake, na akakwama kwenye cheo cha mmoja wao, akarudia, akakwama tena.

King'ora kikalia.

Kilikuwa mapema. Kombo alikuwa mbali na kitufe, anabangua njugu kwa meno, akageuka akashangaa kidogo, kisha akatazama saa na kuisahihisha ifuate king'ora. Makofi yakalipuka. Na Machano, aliyeisoma ile sera kwa mdomo wake mwenyewe juu ya kinu, alikunja karatasi, akashuka, akapiga makofi, akaingia.

Ni miguu iliyomwingiza. Mlangoni, mguu mmoja ndani, alikumbuka. Siwema alimwona anageuka anatafuta uso wake juu ya vichwa vya watu. Mdomo ulifunguka. Lakini safu ya kwanza ilikuwa imekwisha mfikia mgongoni, inapiga makofi, inacheka, na mlango ule ulikuwa wa mtu mmoja.

"Rudini!" Siwema alipiga kelele. "Rudini, wanangu!"

"Huyo naye kapandwa na pepo," mtu akasema.

Chiku alivuta mkono. Siwema akaushika kwa mikono yote miwili, akaning'inia nao kama mtu anayezama.

Waliokuwa ndani walitaka kutoka. Wangeutafuta mlango wa nyuma, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia habari zake, kwa hiyo walirudi kwenye ule wanaoujua, na hapo wakakutana na safu ya pili inaingia kwa makofi. Makofi yalichukua muda kunyamaza. Yalinyamaza kuanzia mbele, kidogo kidogo, yakirudi nyuma, mpaka ikabaki jozi moja ya mikono inapiga huko mwisho, halafu nayo ikaacha.

*

Tume iliundwa, ikasalimiana, ikaanza kazi. Iligundua kuwa king'ora kililia vizuri. Iligundua kuwa makofi yalisikika hadi sokoni. Iligundua kuwa wafanyakazi waliingia kwa nidhamu, bila kusukumana sana, na ikaridhika kuwa sera ilikuwa imefika. Kilichopungua, ilisema, ni heshima kwa marehemu, na ikaagiza majina yao yote yaongezwe kwenye salamu, baada ya wastaafu, kila mmoja na cheo chake. Cheo cha marehemu wote kilipandishwa.

Siwema aliitwa mbele ya Tume. Alisema alichokisikia, king'ora, kengele, mlango wa nyuma. Mwenyekiti, mtu mnene aliyekuwa anatoa jasho mpaka kwenye masikio, alitikisa kichwa kwa upole mwingi.

"Mama, hili unalosema ni kubwa. Limetugusa. Nani mwingine aliyeisikia sera hadi mwisho?"

"Machano."

"Na Machano..."

"Mmempandisha cheo."

Wajumbe wakanong'onezana. Wakapendekeza kuwa, kwa kuwa ujuzi wa sera umebaki kwa Bi Siwema peke yake, ateuliwe yeye Msomaji. Mwenyekiti alimpongeza. Akapewa tai.

Na kwa kuwa safu ya kwanza ilikuwa tupu, ikajazwa vijana wapya, na wa mbele yao wote akawekwa Chiku, mwenye uzoefu. Alirudi nyumbani na fulana mpya ameikunja kifuani. Siwema aliitazama ile fulana, akatazama pembeni.

"Nihamie kwenye makasha, sivyo?" Chiku akasema kabla hajaulizwa. "Nikae na vikongwe. Mama, watu wananicheka. Niko hai kwa kushika mkono wa mama yangu, wenzangu wote wamekwenda."

"Cheka nao. Ila ukisikia king'ora usiingie."

"Nikisimama mlangoni, nyuma yangu watasimama wapi?"

Huko ukumbini bomba lililovuja lilikwisha zibwa kwa kitambaa na nta, na mgeni rasmi akalifunga utepe.

*

Asubuhi ya kwanza ya kazi yake mpya, mvua nyembamba ilikuwa inadondoka. Siwema alipanda kwenye kasha akishikilia nguzo ya kengele, goti linalia. Chini yake safu zilijipanga, nyuso mpya mbele, mikono imetolewa mifukoni tayari. Kombo alisimama karibu, mwavuli mkono mmoja, simu mkono wa pili. Karatasi ilikuwa ndefu sasa, imeunganishwa kwa gundi vipande vitatu.

Hakuitazama. Akaushika ule utepe mwekundu, akaufungua fundo.

Uani pakapita mguno.

"Kengele hii," akasema, akaigonga. Ilikuwa na sauti tamu, haijawahi kusikiwa na mtu yeyote, na watu walishtuka kama waliomsikia bubu akisema. "Hii ndiyo ya kuingilia kazini. King'ora ni cha Bibi Kali. Kikilia, msiingie. Aliye ndani akimbilie mlango wa nyuma, ule wa korongoni. Nimemaliza."

Mvua ikagonga mwavuli wa Kombo.

"Hajatusalimu," akasema Tatu Mwinyi, mwenzake wa makasha wa miaka yote, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli. "Siwema, hata sisi?"

"Wakubwa hakuwasalimu, marehemu hakuwasalimu," mwingine akadakia. "Tai imemlevya."

"Kaka yangu yumo kwenye salamu! Nimekuja kumsikia kaka yangu!"

"Anza mwanzo, Bi Siwema," Kombo akanong'ona, jasho limemtoka kwenye mvua. "Nakuomba, mama yangu. Wameisikia, lakini hawajaipokea. Nitasema nini kwenye simu?"

Mbele kabisa Chiku alitazama mabuti yake kwa aibu. Midomo yake ilisema neno bila sauti: mama.

Siwema alihema. Ndipo akaihisi harufu puani, nyembamba, kama uzi. Ilitoka nyuma yake, kwenye ule mlango uliokuwa wazi nusu. Macho yake yakaanza kutoka maji. Akawatazama watu, walidhani analia kwa kukemewa, wakamwonea huruma.

King'ora kikalia.

Akamtazama Kombo. Mkono mmoja ulikuwa na mwavuli, mkono mmoja ulikuwa na simu. Kitufe kilikuwa ukutani, peke yake, hakuna kidole.

Makofi yakaanza. Alikuwa amewaambia sasa hivi, kwa Kiswahili chepesi, na maneno yalikuwa bado yako hewani na mvua, lakini mikono yao ilikuwa imefundishwa kabla ya masikio. Ikapanda yote pamoja. Ya Chiku ilikuwemo. Safu ya kwanza ikainua mguu.

Siwema alishuka kwenye kasha, karibu aanguke. Akafika mlangoni kabla yao. Hakupiga kelele tena. Alishapiga siku ile. Aligeuka, akalikunja goti bovu kwa maumivu yaliyomtoa mlio, akakaa chini juu ya kizingiti, akanyoosha miguu yote miwili kuziba ile nafasi ya mtu mmoja, mpaka mabuti yake yakagusa kidevu cha Mkurugenzi Mkuu kwenye ubao wa pili.

Chiku akafika, akasimama. Wa nyuma yake wakamgonga, wakasimama.

"Mama, inuka."

"Goti limekamata."

"Mama, watu wote wanangoja."

"Na wangoje."

Makofi yakapungua, yakawa ya kusitasita. Mmoja wa vijana wapya aliinua buti apite, na wenzake watatu wakamvuta koti kwa pamoja: "We! Mtu mzima huyo! Umelelewa wapi?" Kombo akaja na mwavuli wake, akaitazama miguu ile, akaitazama simu, ambayo sauti ndogo ndani yake ilikuwa inauliza kama imefika.

"Bi Siwema," akasema kwa adabu, "ukipata nafuu, tunaomba njia."

"Nikipata nafuu, baba."

Wakasubiri. Mia na ushei walisimama kwenye mvua, mikono imening'inia, king'ora kinalia juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyethubutu kumruka mama mwenye goti. Siwema akajiziba pua kwa pembe ya kanga. Nyuma yake, kutoka kwenye giza la ukumbi, Bibi Kali alikuwa anakuja polepole, hana haraka, na alipofika akamwekea mikono mabegani kama mtu anayetaka kupita.